Ukuta wa Nyuma kwa Mama Mkwe

Kabla ya kumpa kazi ya kunijengea nyumba, nilimwomba fundi anionyeshe nyumba aliyoijenga. Akanijibu kwa swali.

"Nyumba ya mama mkwe wako kaijenga nani? Nenda kaikague mwenyewe."

Akacheka. Nami nikacheka, kwa sababu sote wawili tulijua kwamba nisingeingia. Kwetu, kwenye miteremko ya Meru, mwanamume hakuingia nyumba ya mama mkwe wake. Akikutana naye njiani alijisogeza pembeni, akamwamkia akitazama chini. Kanisa lilituachisha mengi, lakini hilo halikuligusa. Basi nilisimama nje, kwenye migomba, nikaitazama nyumba. Lipu ilikuwa laini, pembe zimenyooka, chokaa inang'aa. Nikarudi nimeridhika.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Nilikuwa karani mjini Arusha, kahawa ilikuwa na bei nzuri, na kila aliyeweza alitaka nyumba ya mawe na saruji. Mke wangu alikuwa mjamzito.

"Mama anasema ukuta wake wa nyuma unasogea," aliniambia jioni ile.

"Ukuta hausogei. Mama yako amezoea nyumba ya majani."

"Niruhusu basi nikautazame vizuri."

"Nimeshautazama."

"Wa nyuma umeuonaje, baba, nao umeegemea mlima?"

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba aliyesoma sekondari katika nyumba ile alikuwa mimi.

Kazi ilianza. Niliondoka alfajiri kwenda ofisini, nikarudi jioni na kukuta kuta zimepanda. Mke wangu alinieleza kwamba kwa mama yake hawakuchimba mtaro wa kupitisha maji nyuma ya nyumba, na kwamba hata kwetu, ambako nyuma pia ni mlima, hawachimbi. Nilimjibu ampelekee fundi chai na amwache afanye kazi yake. Fundi alimaliza, akapaka chokaa, akaaga. Mtoto alizaliwa kiangazi, nasi tukahamia.

Masika yalipofika, mvua ilinyesha juma zima bila kupumzika. Jumapili alasiri mke wangu alikuwa chumba cha nyuma akimnyonyesha mtoto, mimi nikiwa sebuleni. Nilisikia sauti kama mfuko wa mahindi unaoburutwa sakafuni. Kisha akaniita, kwa sauti ya chini.

"Baba. Mlango haufunguki."

Niliusukuma, haukutikisika. Fremu ilikuwa imebanwa. Nikakimbilia shoka, nikaupiga mara moja.

"Usipige!" alilia. "Ukipiga, ukuta unakuja!"

Nilibaki nimesimama, shoka mkononi. Kupitia ufa wa mlango niliona kitanda, na nyuma yake ukuta umevimba tumbo, maji ya matope yakichuruzika katikati ya mawe. Alikuwa juu ya kitanda, mtoto kifuani.

"Zunguka dirishani," alisema.

Dirisha la pembeni lilikuwa dogo, tena juu. Nilipanda juu ya pipa. Alinipa mtoto kwanza, nikamlaza kwenye nyasi, mvua ikimnyeshea usoni, akalia. Kilio kile kilinipa nguvu. Mke wangu akapenyeza kichwa, mabega, akakwama kiunoni.

"Vuta."

"Nitakuumiza."

"Vuta, wewe!"

Nilivuta. Tulianguka wote wawili matopeni, na nyuma yetu ukuta ukaingia chumbani pamoja na mlima. Vumbi halikutoka hata kidogo. Ni matope tu yaliyoruka dirishani. Kitanda hatukukiona tena.

Nyumba ya karibu ilikuwa ya mama mkwe. Yeye alikuwa ameshasimama mlangoni. Mke wangu aliingia na mtoto, akamweleza yaliyotupata. Mimi nilibaki uani, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia."

"Mama, siwezi..."

"Mwanangu ametolewa dirishani kama mbuzi, na wewe unanionyesha adabu? Ingia, uone ulichokuja kukikagua."

Niliingia. Akanipeleka mpaka chumba cha nyuma. Ukuta ulikuwa na ufa ambao ungemeza mkono wangu. Alikuwa ameuziba kwa matambara, kisha akauegemeza kwa magogo. Kwenye matope ya sakafu palikuwa na alama za jembe: alikuwa akiyakokota nje kila mvua inapokatika. Mke wangu aliweka kiganja kwenye ufa ule, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu aliniomba ruhusa ya kuja kuutazama ukuta ule nami nikamnyima. Adabu haikunizuia kumtuma yeye. Kilichonizuia ni kiburi.

Mke wangu ndiye aliyetafuta fundi wa pili. Hakutaka kusikia maneno ya fundi yeyote. Alikwenda kwenye nyumba walizojenga mafundi hao, mvua ikinyesha, fundi mwenyewe akiwa hayupo, akaongea na wenye nyumba, akaingia mpaka chumba cha mwisho na kuweka kiganja ukutani. Mimi nilimshikia mwavuli mpaka kwenye kila mlango, nikasubiri nje.