Mmoja Bado Ndani ya Mashine ya Tatu

Ilikuwa mwaka ule unga wa mahindi ulipokosekana, malori ya Zambia hayavuki mpaka, na Likasi nzima tukala bukari, huo ugali wetu, ya muhogo mtupu, mchana muhogo, jioni muhogo, hadi watoto wakauliza kama mahindi yamekufa. Hata mimi, mtoto wa watu wa Kasai, ninayejua muhogo tangu ziwa la mama, nilichoka.

Mwaka huo ndio nilioishi na kompyuta tatu katika chumba cha marehemu mume wangu. Mjukuu wangu, msichana mwenye diploma mbili, na ninasema tena, mbili, ndiye fundi wa mtandao wa shule kadhaa za mji huu. Ofisini kwao umeme unakatika kama pumzi ya mtu mwenye kikohozi. Nyumba yangu, ya kambi ya zamani ya wachimbaji, iko kwenye waya mmoja na hospitali, haikatiki ovyo. Basi wakaniletea mashine, na kelele, na joto. Na shefu wake, mkubwa wa kazi yao, akaanza kuingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi.

Wazazi wa hapa, wa Buluo, hadi wa Kambove, walikuwa wanaandikisha watoto shule kwa simu, na maandishi yao yanakuja kutua kwangu. Mjukuu wangu alinieleza: mashine tatu zinagawana watu. Moja ikiugua, huizimi tu. Unaifunga isipokee mtu mpya, wapya waende kwa zile mbili. Walio ndani unawaacha wamalize. Namba kwenye kioo ikifika sifuri, ndipo unazima, na huko nje hakuna anayejua kitu. Nikamwambia sihitaji kuelezwa mara mbili. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kusaga. Ukizima mashine yenye mahindi ya mtu tumboni, unamtolea kitu ambacho si unga wala si punje, na mama huyo atakutukana mpaka kizazi cha tatu.

Siku ya mwisho ya kuandikisha, mwisho ukiwa saa kumi jioni, mashine ya tatu ikaanza kulia. Feni yake ilikuwa imejaa vumbi la malori ya Kamatanda. Mjukuu wangu alikuwa njiani kutoka Lubumbashi, lori limepinduka mbele yao, magari hayapiti. Kwa simu yake akaifunga mashine kwa watu wapya, kisha akanipigia.

"Kaku, angalia namba. Ikifika sifuri, bonyeza kile kifungo. Kabla ya pale, usiguse."

Shefu akafika, tai shingoni, jasho mpaka kwenye viatu, fundi wa feni nyuma yake. Namba ilikuwa thelathini na mbili. Shefu akatembea huku na huku juu ya sakafu niliyotoka kuipiga deki. Kumi na moja. Akatazama saa. Tatu. Kisha moja. Na ile moja ikakaa hapo kama mgeni aliyesikia harufu ya kuku.

"Zima, mama."

"Kungali mumoja."

"Muntu mumoja ni nini? Ataanza tena."

"Ataanza na nini? Pengine simu ni ya jirani. Pengine betri inamukwishia. Saa kumi iko karibu."

"Mashine itaungua! Unajua inatoka wapi? Ulaya!"

"Na ule mutoto anatoka wapi? Kwa mbuzi?"

Fundi wa feni akacheka. Shefu akamwangalia, kicheko kikarudi tumboni.

"Mama, weye haukusoma. Hii haiko mambo ya kusaga unga."

Hapo nikawaka. Ndiyo, sikusoma. Baba yangu alisimama kwenye dirisha la karani wa shule, mimi nimeshika suruali yake, mbele yetu mtu mmoja tu. Karani akafunga daftari, akasema saa imefika, rudini mwaka ujao. Mwaka huo ulipofika nilikuwa na mdogo wangu mgongoni. Darasa nililijua baadaye, kwa kulifagia. Hayo sikumwambia shefu, hayakuwa yake. Nilimwambia maneno machache:

"Kama kuko muntu ndani, minye sizimi."

Akanyoosha mkono abonyeze mwenyewe. Nikasogeza kiti, nikakaa mbele ya mashine, na mimi si mwembamba. Mashine inalia, chumba kinanuka plastiki ya moto, na niliogopa, sitaki kudanganya. Nilimkasirikia hata yule wa ndani. Nani huyu anayeandika kama konokono? Jina la mtoto wake lina herufi ngapi?

Kisha moja ikawa sifuri. Nikabonyeza. Fundi akatoa vumbi la sahani nzima, akaweka feni mpya, na kabla ya saa kumi mashine ilikuwa kazini. Huko nje hakuna aliyejua. Kazi nzuri iko hivyo, ndiyo maana haina asante.

Wiki iliyofuata shefu alituma karatasi. Mwenye nyumba atazima mashine palepale shefu anapoamuru. Akikataa, mjukuu wake atafute kazi kwingine. Mjukuu wangu alinisomea yote mara mbili, akaweka kalamu mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaku, tia sahihi tu. Siku kama ile hairudi tena."

"Itarudi."

"Kaku, ni kazi yangu."

Najua ni kazi yake. Mgongo wangu unajua kuliko yeye zile diploma zilitoka wapi. Nilichukua kalamu, nikaishika muda mrefu, nikamrudishia mkononi.

"Kama kuko muntu ndani, minye sizimi."