Bundi wa Mzee Ensio

Katika mji wa Oulu, kule kaskazini ya mbali, ambako jua la Januari huchungulia saa nne asubuhi na kufikia saa tisa limeshachoka, mzee Ensio Kortesalmi alijulikana kwa jina la Glavu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa mabasi ya mji, na mabasi yale yalitembea, lakini hakuna aliyemkumbuka kwa hilo. Mkewe Lempi alipofariki, nyumba ikawa kimya mno, naye akaanza kuhesabu ndege. Akajiunga na chama cha watazamaji ndege, akanunua darubini, akajifunza kusimama nje kwa saa mbili bila kusema neno, jambo ambalo halikumsumbua hata kidogo.

Jina la Glavu lilimpata hivi. Watu wa Oulu wakiikuta glavu imeanguka njiani hawaiachi chini. Huiokota na kuivika juu ya kitu chochote kilichosimama karibu, uzio au nguzo au tawi, ili mwenyewe akipita aione. Hufanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anayefunga mlango nyuma yake. Sasa, miaka tisa iliyopita, Ensio aliona kitu cha kijivu, cha ukubwa wa ngumi, kimekaa kwenye ncha ya msonobari mchanga kando ya mto. Yule bundi aliye mdogo kuliko bundi wote hukaa vivyo hivyo. Akapiga simu chamani. Watu kumi na watano walikuja mbio, maana kwao bundi hafukuzwi wala hatemewi mate. Watu huvaa viatu wakamfuata. Mwenyekiti wa chama, Urho Vengasaho, akasimamisha darubini yake ya miguu mitatu, akatazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole:

"Ensio, ndege wako ana kidole gumba."

Tangu siku hiyo, kila alichokiona Ensio kiliingizwa kwenye daftari la chama na maneno mawili pembeni: hakuna shahidi. Hata kunguru. Mzee hakulalamika. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: mstari mmoja wenye bundi mdogo na jina lake, na pembeni pasiwe na maneno hayo.

Jumamosi moja ya Januari, baridi ikiwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, alitoka kwenda kujaza mbegu za alizeti kwenye kibanda cha kulishia ndege. Katikati ya ua kulikuwa na msonobari, na kwenye ncha yake amekaa bundi mdogo, panya mdomoni.

Ensio akavua glavu kwa meno ili abonyeze simu yake ya vitufe. Glavu ikaanguka thelujini. Hakuiona.

"Urho, nina bundi mdogo. Uani kwangu."

Upande wa pili kikombe kiliwekwa mezani taratibu.

"Wa sufu au wa pamba?"

"Anakula panya."

"Siku hizi glavu zinakula."

"Urho, sitanii."

"Una shahidi?"

Ensio akatazama huku na huku. "Ninaye," akasema, ingawa shahidi mwenyewe alikuwa bado hajaambiwa.

Shahidi alikuwa Bi Martta Saukkoriipi wa ghorofa ya chini, aliyekuwa uani akisugua zulia lake kwa theluji kavu, kama wasafishavyo mazulia huko wakati wa baridi. Hawakuwa wamesemezana tangu vuli, Bi Martta alipobandika tangazo kwenye ngazi: Anayefuga ndege awafundishe choo.

"Bi Martta, samahani. Ungeangalia juu pale, kidogo tu."

"Kila nikianika zulia naangalia juu. Ndege wako wamenifundisha."

"Huyu si wangu."

"Wote ni wako wakishakula."

"Nitakihamisha kibanda."

"Lini?"

"Kesho."

Bi Martta akaendelea kusugua.

"Leo," akasema Ensio.

Ndipo Bi Martta akainua kichwa. Bundi naye akageuza chake, akamtazama.

"Mbona ananiangalia kama mkaguzi wa jengo?" akasema, akapokea simu. "Martta Saukkoriipi hapa. Ndiyo. Hapana, sijalewa, ni saa tano asubuhi. Ana macho ya manjano, na mkia wa panya unaning'inia kama tambi. Kidole gumba? Wewe bwana, una miaka mingapi?"

Akamrudishia Ensio simu. Akiinama kushika zulia akaona glavu thelujini, akaiokota, akaivika juu ya nguzo ya kuanikia mazulia, akaendelea na kazi yake.

Baada ya dakika ishirini wanachama saba walikuwa uani. Walitazama msonobari mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeomba radhi, si desturi yao, lakini mwenye chupa ya kahawa alimmiminia Ensio kwanza. Urho alifika wa mwisho kwa sababu gari lilikataa kuwaka. Akasimamisha darubini yake langoni, mahali ambapo banda la takataka linauficha msonobari, akailenga nguzo ya mazulia.

"Nimemwona," akanong'ona. "Amejivimbisha kwa baridi, maskini. Hata hatikisiki."

Watu saba wakageuka. Mmoja wao akaanza kukichunguza kifuniko cha chupa ya kahawa kwa makini sana.

Hapo ndipo Ensio alipogundua kwamba mkono wake wa kulia umekufa ganzi. Miaka tisa alikuwa akiyapanga maneno ya siku kama hii, hasa akiwa kwenye mvuke wa sauna. Akasogea hadi alipo mwenyekiti.

"Mtazame vizuri," akasema. "Usiwe na haraka. Halafu uandike."

Urho, jicho bado kwenye darubini, akatoa daftari kwenye koti na kuandika kwa kupapasa, akisoma kwa sauti: "Bundi mdogo, mmoja. Ameonwa na Ensio Kortesalmi. Mashahidi tisa, pamoja nami."

"Asante," akasema Ensio.

Akatembea polepole hadi kwenye nguzo, akamchukua ndege, akamvaa mkononi.

Urho hakutoa jicho kwenye darubini kwa muda mrefu. Ilikuwa lazima kutazama mahali fulani.

"Wa kweli yuko nyuma ya banda," Ensio akamwambia, mikono yote miwili ikiwa na joto. "Njoo nikuonyeshe."

"Kibanda leo, ulisema," Bi Martta akasema kutoka kwenye zulia lake.