Siku Nilipovuka Pazia la Wanawake

Nililishika pazia kwa mikono miwili. Mavyaa yangu, mamake mume wangu, akanidaka kiunoni.

"Ukivuka, yule mtakatifu hali kitu leo! Umesikia? Hali!"

"Na asile," nikamwambia. Nikavuka.

Ilikuwa asubuhi ya mwaka mpya wetu, siku inayofuata Diwali. Vita vya dunia vilikuwa vimekwisha juzijuzi tu, mchele bado ukitafutwa kwa tochi. Sisi Wahindi wa Changamwe hatukuwa na hekalu upande ule wa bara, kwa hiyo tulikusanyika katika ghala la mbata, nazi zilizokaushwa, karibu na stesheni. Mbata zenyewe zilikuwa zimeondolewa lakini harufu ilibaki, na bati la juu lilikuwa limepata moto wa jua.

Siku hiyo hupangwa mlima wa vyakula mbele ya sanamu: wali, ladu tamu za mviringo, bajia, kachori, bilingani za namna tatu. Mpishi haonji kabla chakula hakijatolewa kwa Mungu, hata chumvi anaikisia. Tulipika tangu jana yake, kisha tukavisukuma vyombo chini ya pazia, wanaume wakavipokea. Vyombo vyetu vilikuwa na ruhusa ya kupita. Sisi hatukuwa nayo. Maana mwaka ule alikuja swami, mtawa mzee kutoka Bara Hindi, mtu aliyeweka nadhiri ya kutotazama mwanamke. Akimwona, hali mpaka kesho yake. Nadhiri ilikuwa yake, na sikuwa na ugomvi nayo.

Watoto wachanga walipelekwa kwake na baba zao. Anamwekea mtoto mkono kichwani, anampaka rangi nyekundu kwenye paji la uso, anamsomea maneno machache, basi. Wangu alikuwa hajajua kukaa. Wiki iliyotangulia alihara mpaka utosi ukabonyea, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza tena kushika titi. Daktari kule kisiwani aliniambia: maziwa yako tu, usimpe kitu kingine chochote, utampoteza. Maneno hayo nilimrudia mume wangu pale pale penye pazia.

"Abarikiwe, kisha umrudishe. Usikae naye."

"Haya, haya, nimesikia."

Akabarikiwa. Nilimwona kwa tundu la pazia, nami nikafurahi, sitakataa. Lakini kwetu kitu kilichoguswa na mkono mtakatifu hakifichwi wala hakinyimwi mtu. Likiwa ua, linagawanywa majani. Ikiwa tende, inamegwa vipande. Asubuhi ile wanaume wakaona kwamba mtoto naye ametoka mkononi mwa swami. Mzee wa safu ya mbele akanyoosha mikono, mume wangu akampa, kwa adabu. Yule akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu, mwanangu akaanza kupita safu kwa safu kama sinia. Kila mmoja anagusisha paji lake kwa paji la mtoto. Kisha anachovya kidole katika bakuli la baraka, lenye maziwa, mtindi, asali, sukari na samli, anakitia kinywani mwa mtoto ili naye apate thawabu ya kumlisha. Vidole vilevile vilivyotoka kuvua viatu.

Mume wangu akaja penye pazia mikono mitupu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko huko, kwa wazee."

"Kamchukue."

"Nitamchukuaje? Watasema nawanyima baraka."

"Wanamtia vidole mdomoni! Mwambie hata mmoja kwamba mtoto anaumwa."

"Siku ya mwaka mpya nitaje ugonjwa mbele ya swami? Ngoja wamalize safu."

Safu zilifika mlangoni.

Nyuma yangu shangazi yake mume wangu akacheka. "Mwanao leo amekuwa ladu, mwenzetu! Wengine tunaililia bahati hiyo, wewe unanuna."

Kilio cha kwanza kilikuwa cha njaa, hicho nakijua. Kisha kikageuka, kikawa kikavu, cha kukatikakatika, kama cha wiki ile ya ugonjwa. Maziwa yakanitoka yakalowesha sari. Nikangoja. Nilingoja kweli, wala asije mtu akasema sikungoja. Halafu kilio kikakatika kabisa.

Nilipotokea upande wa pili, ghala zima liligeuka kunitazama. Watu wawili wakaruka kumkinga swami kwa shuka, naye akageukia ukutani. Nilikanyaga magoti ya watu mpaka nikamfikia mwanangu mapajani pa karani mmoja wa bandarini. Asali ilikuwa imemjaa kooni, macho yamemtoka, hana sauti. Nikamlaza kifudifudi mkononi, nikampiga mgongoni mara kadhaa. Akatapika samli juu ya suruali nyeupe ya karani. Akalia. Nikaketi palepale katikati ya wanaume, nikajifunika upande wa sari, nikamnyonyesha. Hakuna aliyethubutu kuniambia ondoka.

Swami hakula siku ile. Nilimhurumia. Lakini mtu mzima anayefunga anajua kwamba kesho atakula. Mwanangu alihara tena karibu wiki nzima, na hilo hakuna aliyeliita dhambi. Mferejini wanawake walisema nami nasikia: "Msomi huyo! Kasoma sekondari, sasa anamfundisha Mungu." Kisha kamati ya jumuiya yetu ikaleta neno: niombe radhi mbele ya watu wote na nifunge, la sivyo nisionekane tena kwenye sikukuu.

"Omba tu yaishe," akasema mume wangu. "Maneno mawili."

"Nitaomba. Na wao waombe."

"Wamwombe nani?"

"Huyu hapa." Nikamwekea mtoto mapajani.

Nikaandika kwa Kigujarati, nikaipeleka barua mwenyewe dukani kwa katibu, mchana, wateja wamejaa, nikasimama mpaka akaisoma. Kwa Kiswahili ilisema hivi:

"Kwa Katibu wa Kamati. Nalalamika rasmi kwamba siku ya mwaka mpya mwanangu, ambaye alikuwa mgonjwa, alizuiwa kurudi kwa mama yake baada ya kubarikiwa, akalishwa na watu wengi mpaka akapaliwa. Mlijaa ghala zima na hakuna aliyesema basi. Baba yake alikuwa mmoja wenu, naye namshtaki pamoja nanyi. Namwomba swami radhi kwa chakula alichokosa. Kwa kuvuka pazia siombi. Nataka kamati iamue kwamba mtoto anayenyonya, akishawekewa mkono, arudishwe kwa mama yake papo hapo, asipokezanwe na asitiwe kitu kinywani. Mpaka mtakapoamua, sitamleta mwanangu wala sitawapikia. Nangoja jibu kwa maandishi."