Mistari ya Profesa

Jina la Profesa alipewa na shemeji zake, na halikuwa la heshima. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, aliacha kazi ya kusimamia mitambo kiwandani akarudi darasani kusomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa vifaa. Alikwenda kujifunza, kama alivyowaeleza ukweni huku kichwa kimemvimba, kwa nini vyuma hukatika. Shemeji mkubwa akauliza, "Si kwa sababu vimechoka?" Jibu lilikuwa hilohilo, ila chuoni lilichukua miaka miwili.

Mkewe, muuzaji wa duka la dawa, hakucheka. Yeye naye alitaka kusomea ufamasia, na walikuwa wamekubaliana: mume amalize kwanza, kwa maana wakisoma wote, jioni nani atabaki na watoto? Kila muhula ambao Profesa aliupoteza ulikuwa unamsogeza mkewe mbali na darasa. Hilo alilijua vizuri, ingawa alijitia kulisahau kila alipopata mtu wa kumsimulia habari za chuma.

Utafiti wake ulihusu mihimili iliyokatika ya pampu za maji, vile vyuma vinavyozizungusha. Alikata kipande, akakisugua kwa msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, hadi kikang'aa. Akakipaka asidi, akakiweka chini ya hadubini. Hapo ndipo alipoiona mistari. Imenyooka, imefuatana, haimo katika kitabu chochote alichosoma. Nusura apige vigelegele maabarani. Akaiandikia sura nzima, akaeleza jinsi mzigo wa pampu ulivyoipanga. Msimamizi wake, mama asiyependa maneno mengi, alitazama picha akasema, "Inavutia." Profesa alikaa na neno hilo wiki nzima kama amepata mchumba.

Siku chache kabla ya kuwasilisha, alikuwa akisugua kipande cha mwisho simu ikalia. Ni mkewe. "Ukirudi pitia mkate, baba." Alipokishika kipande tena alikishika kimekaa upande, akaendelea kusugua. Kwenye hadubini, mistari ikawa imekatana. Akakigeuza tena, akasugua, akatazama: mistari ikafuata mkono wake kama mbwa anayemjua mwenyewe.

Kila unapobadilisha msasa, unageuza kipande, ili msasa mpya ufute mikwaruzo ya ule wa zamani. Hilo hufundishwa siku ya kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa amewafundisha wanafunzi wapya, kidole juu, sauti nzito. Kumbe vipande vyake hakuwa akivigeuza, na sura nzima ya utafiti aliandika sifa za msasa.

Angenyamaza, nani angejua? Angevaa joho, mkewe angeanza masomo, shemeji wangefunga midomo. Alilipenda wazo hilo kwa muda mrefu kuliko anavyopenda kukubali. Lakini mihimili ile ingeendelea kukatika, na yeye ndiye angeulizwa sababu. Akajikaza, akaenda ofisini kwa msimamizi.

"Mwalimu, ile mistari ni mikwaruzo."

"Yote?"

"Yote. Sura ya nne nzima."

Mama yule aliuma midomo kuzuia kicheko, mabega yakamtikisika. Alipopata sauti alisema, "Bora umeiona wewe kabla ya watahini. Rudia vipande vyote. Utawasilisha mwakani."

Nyumbani alimkuta mkewe anapiga pasi. Akammwagia yote, bila kujipamba. "Zamu yako nimeisogeza tena," alimalizia. "Nisamehe, mama."

Mkewe aligeuza shati upande wa pili. "Mimi naanza Jumatatu. Nimeshajiandikisha, masomo ya jioni."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponieleza hiyo mistari yako. Nilikuona ulivyofurahi, nikajua huyu hamalizi leo wala kesho."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungejifanya shujaa, uache masomo unipishe. Halafu tukae wote wawili bila cheti." Akaning'iniza shati. "Jioni utabaki na watoto. Vyuma vyako utavisugua asubuhi."

Profesa aliona fahari juu ya mkewe, kisha akaona haya, na haya ikazidi. Siku zote hizo amekosa usingizi kwa kumhurumia mke anayemngoja, na mke hakuwa anamngoja. Akautua mkoba uliokuwa bado begani.

"Watoto," aliuliza, "jioni huwa wanakula saa ngapi?"