Kamba Niliyoifua Siku ya Kuieleza Kromatini

Nianze na lile baya kabisa, nisije nikapata nafasi ya kulificha katikati: niliing'ata kamba kwa meno, mbele ya wazazi wa shule nzima na mgeni kutoka Pemba ya Msumbiji, nikiwa ndani ya gauni jipya, dakika chache tu baada ya kuwaambia watu kwamba jambo ninalotaka kuwaonyesha hufanyika ndani ya miili yetu kwa ulaini wa ajabu. Ulaini! Nyuzi za makumbi ya nazi zilinikaa kwenye meno hadi jioni.

Mimi chuo sijakwenda. Nilimaliza shule ya sekundária Palma, nikarudi kukaa nyumbani Quitunda, kijiji cha matofali tulichohamishiwa mbali na bahari, na biolojia yote ninayoijua nimeisoma kwenye simu, katika vitabu vya Kireno nilivyopakua kila nilipopata mtandao (nanakili kila ukurasa kwenye daftari, na nikikosea herufi moja nachana karatasi nzima, ndivyo nilivyo, mniombee). Kwa hiyo shule yangu ya zamani ilipotangaza kwamba kuna nafasi moja ya mafunzo ya maabara Pemba, na ataipata kijana atakayeeleza jambo la sayansi kwa Kiswahili mpaka wazazi waelewe, sikulala vizuri wiki mbili. Nafasi moja. Nyingine sikuwa nayo.

Nikachagua kromatini. Ndani ya kila seli kuna uzi mrefu wa DNA, na uzi huo haukai ovyo, umezungushwa karibu mara mbili kwenye kifundo cha protini ziitwazo histoni, kisha ukaenda kifundo kingine, na kingine. Kila kifundo na uzi wake ndiyo nyukleosomu. Sasa kuna protini zinazokuja kushika nyukleosomu kutoka nje. Moja, histoni H1, inakaa pale uzi unapoingia na kutokea, inabana, na kromatini inajikunja. Nyingine, ukoo wa HMGN, zinagombania nyukleosomu hizo hizo na H1, na zikishika zinalegeza, na jeni lililokuwa limefichwa linaweza kufikiwa na kusomwa. Maandishi ya jeni hayabadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni nani ameshika, na ameshika vipi. Nililipenda jambo hili kama mtu anavyopenda mtu.

Nilitengeneza mfano. Mama mdogo Zainabo, dada yake mama, ndiye aliyenilea, na zamani alikuwa akisokota kamba za makumbi kabla hatujahamishwa kutoka ufukweni. Alinipa kamba yake ya mwisho na maboya kumi na mawili ya mti. Nikazungusha kamba kwenye maboya, H1 nikaifanya vibanio vya nguo, HMGN vitambaa vya kijani, na jeni kitambaa cheupe chenye maandishi, kimefichwa ndani ya mzunguko. Vibanio peke yake vilikuwa vikiteleza, basi chini ya kila kimoja nikafunga fundo la kuchomoa, lile ambalo ukivuta ncha linafunguka lenyewe. Nikalijaribu mara arobaini. Lilifunguka mara arobaini.

Asubuhi ya siku yenyewe nikanusa kamba. Ilinuka matope na samaki wa miaka. Nikajiwazia mgeni wa Pemba anaziba pua, nikaona aibu, na mama mdogo alikuwa ameshakwenda shamba, hapakuwa na wa kuniambia kitu. Nikauchukua mfano mzima, umefungwa vile vile, nikauzamisha kwenye beseni la sabuni ya unga.

Ninyi wa pwani mmeshajua. Kamba ya makumbi ikilowa inavimba, na fundo lililofungwa kavu linajikaza mpaka lisisikie ila kisu. Mtoto wa ufukweni analijua hilo kabla hajaota meno yote. Mimi nilikua kwenye nyumba ya matofali, najua H1 inakaa wapi, hilo sikulijua.

Nikapanda pikipiki kwenda Palma na mfuko unachuruzika.

"Dada, umebeba pweza?" akauliza dereva.

"Ni kromatini."

"Haya. Isinimwagikie."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mgeni alikuwa Profesora Graça, mama mzima mwenye miwani, mzaliwa wa Mocímboa, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Nikaeleza uzi, nikaeleza histoni, wazazi wanaitikia kwa vichwa, mzee mmoja akasema "eeh, kama kamba ya wavu wa jarife," nikajisikia nimefika Pemba tayari. Nikatoa kibanio, nikaweka kitambaa cha kijani, nikasema, "Sasa tazameni jeni linavyofunguka." Nikavuta ncha.

Halikufunguka.

Nikavuta tena, nikitabasamu. Nikavuta kwa mikono miwili. Meza ikanifuata.

"Vuta, nahodha!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na ukumbi ukacheka. Hapo ningeweza kusimama na kusema imekwama, samahanini, niwaelezee kwa mdomo. Watu wazima hufanya hivyo. Mimi nikainama nikang'ata fundo. Meza ikainama nami, jagi la maji likaanguka, nusu ikamwagikia sketi ya Profesora na nusu ikamwagikia kamba (kana kwamba ilikuwa na kiu bado), na maboya yakaanza kubiringika kuelekea safu ya mbele yakinivuta kwa meno kama punda.

"Wa Quitunda hao!" akasema mama mmoja. "Kamba wameshaisahau!"

Hilo ndilo lililouma. Nikaitema kamba na machozi yakawa karibu, na nikasikia sauti ninayoijua.

"Acha kuvuta!" Mama mdogo Zainabo, amekuja moja kwa moja kutoka shamba, jembe ameliacha mlangoni. "Umeilowesha?"

"Nimeifua, mama."

"Umeifua!" Ukumbi mzima ukalia kwa kicheko, naye pia. Akapiga magoti sakafuni na kapulana yake, kanga ya kwetu, akashika fundo. "Ukivuta unalikazia. Sukuma. Irudishe kamba ndani, lipate nafasi." Akasukuma kidogo kidogo, upande huu, upande ule, fundo likalegea.

Nilikuwa na njia mbili: kukimbia, au kumaliza. Nikajifuta mdomo. Nikasema kwa nguvu: "Hivi ndivyo nilivyopaswa kuwaonyesha. HMGN hazivuti uzi. Zinakaa kwenye nyukleosomu, zinapunguza nguvu za ile inayobana, na nafasi inapatikana." Mzunguko ukafunguka mikononi mwa mama mdogo, kitambaa cheupe kikatokea, kimelowa, wino umechuruzika, hakisomeki.

Profesora Graça, akikamua sketi yake, akauliza: "Kwa hiyo kromatini ikishalegea, jeni litafanya kazi?"

Jibu la ndiyo lilikuwa kwenye daftari langu, limeandikwa vizuri. Nikatazama kile kitambaa.

"Hapana, si lazima," nikasema. "Kulegea kunatoa nafasi tu. Inategemea seli yenyewe, na nani mwingine yupo wa kulisoma jeni."

"Na HMGN zinajuaje zilegeze wapi zaidi?"

"Sijui, Profesora."

Sikuwahi kulisema neno hilo mbele za watu. Mama mdogo aliniangalia kama nimeongea Kichina.

Majina yalibandikwa mlangoni baada ya siku nne. Langu lilikuwa la pili. Walichukua mmoja. Pembeni ya jina langu Profesora alikuwa ameandika kwa kalamu: "Rudi mwakani, uje na jibu la swali la mwisho." Nililia njiani, sitadanganya, kisha nikafika nyumbani nikafungua daftari jipya, na safari hii ukurasa wa kwanza una makosa matatu na sijauchana. Fomu ya mwakani nimeshaiomba.

Na nimeapa: sitapeleka tena kitu mbele ya ukumbi kwa sababu tu nimekijaribu mara arobaini peke yangu. Nitakijaribu mara moja, mbele ya mtu mmoja asiyeona haya kunicheka.