Impala Nyekundu Haipitwi

Binamu yangu Orlinda Maestas hakuwahi kupewa sifa zake hapa mjini kwetu Española. Mtu akilisifia lile gari lao, jekundu kama pilipili iliyokaushwa juani, alimsifia mumewe, Delfino. Ni kweli Delfino ndiye aliyelipaka rangi. Lakini viti vya mahameli alivishona Orlinda, akitoka kazini alikofua mashuka ya hospitali, na kabureta waliifungua pamoja juu ya meza ya jikoni. Wageni tulikula tumesimama.

Hiyo ni Impala ya mwaka 1964, ndefu, bapa, yenye pampu za kuirusha bodi na kuishusha hadi inakaribia kulamba lami. Nyumbani kwao kulikuwa na gari jingine, Chevrolet ya 1939 ya baba mkwe wake, nyeusi, ya mviringo, yenye mabega mapana. Ile ya zamani ina heshima yake, sikatai. Ukiiona unataka kuvua kofia. Impala ukiiona unataka kucheza, na Delfino alikuwa mtu wa kucheza.

Delfino alipofariki na mwili wake kuchomwa, kaka yake Eloy aliamua peke yake, mdomo umejaa posole ya Orlinda, ile supu ya mahindi na nyama, kwamba majivu yake yataongoza msafara wa maziko ndani ya gari la baba, yeye akiwa kwenye usukani.

"Gari la baba ndilo la heshima, shemeji," alisema. "Hilo lenu la kurukaruka lifuate nyuma. Wewe utakaa kando yangu, umshike Delfino."

"Nitamshika," Orlinda akajibu. "Hapo umesema kweli."

Nilikasirika hadi chakula kikanishinda. Nikamminya paja chini ya meza. "Yaani unakubali?"

"Kula posole yako, dada."

Siku ya maziko, nje ya kanisa, Eloy aliketi ndani ya ile nyeusi, mlango wa abiria ameuacha wazi. Sisi wengine tulipanga magari nyuma yake. Orlinda akatoka na kasha la majivu kifuani, akaupita ule mlango, akaingia kwenye Impala. Akaliweka kasha kwenye kiti cha pembeni, akalifunga mkanda, akawasha injini.

"We Orlinda! Shemeji! Unakwenda wapi?"

"Namzika mume wangu. Wewe je?"

Akaondoka. Na kwetu, gari lililombeba marehemu halipitwi. Hata walevi wanajua. Ukilipita, mama yako mzazi atakufungia mlango. Eloy alipiga honi mara mbili, kisha akafuata.

Kwenye njia panda ya makaburini, Orlinda hakukata kona. Aliingia Riverside, barabara aliyozoea Delfino kuizunguka kila Jumapili, bodi ameishusha chini kabisa, mwendo wa mtu anayetembea. Watu walitoka madukani wakavua kofia. Nililia, nikapiga honi, na sikujali nani alinisikia.

Makaburini Eloy alishuka, shati limelowa jasho.

"Umetuzungusha mji mzima, mwanamke wewe!"

Orlinda alikuwa akifungua mkanda wa kasha taratibu, kama wa mtoto aliyelala. Hakugeuka.

"Na wewe umenifuata mji mzima," alisema. "Sasa nishikie mlango."