Tangi Tupu Juu ya Kilima cha Keza

Nilipelekwa Ngara miaka ile wakimbizi walipokuwa wengi kuliko wenyeji, nikapewa kompyuta na tangi la kuwazia. Tangi lilikuwa kilimani Keza, la bati jembamba lililozungushwa duara, na upande mzima wa kambi ulitegemea maji yake. Chini lilikuwa limejaa matope. Bosi wangu alitaka limwagwe lisafishwe, nami, mhandisi pekee pale ofisini, nilitakiwa kusema kama likiwa tupu litahimili upepo wa kiangazi.

Tangi lenye maji halina shida, maji yanalishikilia kwa ndani. Likiwa tupu, upepo unaweza kulibonyeza ghafla likakunjamana lote. Basi nikalichora kwenye kompyuta, nikaligawa vipande vidogo vidogo, nikawa naongeza upepo taratibu. Kompyuta yenyewe ilikuwa nzito ajabu kufanya kazi, na jenereta ikizimika naanza upya. Wenzangu walipiga soga kwa Kihangaza, lugha ya wenyeji, na kucheka. Mimi Mpare nilikodolea kioo macho, na nasema kweli, kicheko chao kiliniudhi. Mwisho jibu likatoka: litasimama.

Bosi alifurahi. Mimi nikapanda kilimani kulitazama kabla halijamwagwa. Nikawakuta akina mama wa kambini wakifanya kama kawaida yao: kabla ya kupanga foleni, kila mmoja aligonga tangi kwa jiwe, chini kisha juu, asikie maji yamefika wapi. Upande ule waliougonga siku zote, bati lote lilikuwa limebonyeabonyea. Kwenye kompyuta yangu lilikuwa duara safi, kama sufuria ya dukani.

Nilipima kila palipobonyea kwa rula na uzi. Mama mmoja alinishikia uzi bila kuuliza, maana hatukuwa na lugha ya kuulizana. Niliporudi nikaviingiza vipimo vyote. Safari hii upepo haukufika hata nusu ya ule wa kwanza, ukuta ukaingia ndani.

Nilimwambia bosi tusilimwage kabla ya kulifunga mikanda ya chuma. Akasema kompyuta ilishakubali.

“Ilikubali tangi ambalo hatuna,” nikamjibu.

Alinuna, lakini akaagiza fundi kutoka Biharamulo. Mikanda ikafungwa, tangi likamwagwa, na vijana walipokuwa ndani wakikwangua matope upepo ukaja. Uling'oa maturubai ya vibanda vya chini. Nilisimama pale nikiwaza vijana wale. Bati lilitoa mlio mzito, halafu likatulia.

Maji yalirudi kesho yake. Akina mama wakajaza ndoo wakaondoka. Nilitamani kumsimulia mtu, hata mmoja, lakini bosi alikuwa ameshahamia habari za vyoo, na mama wa uzi sikumwona. Lingeanguka, wangekuja kutoka kila ofisi kulishangaa. Lilisimama, nikaenda kula wali wangu peke yangu.